Dhahabu ya Sekenke na Tetesi za Kocha

Kwetu Singida, tetesi za kocha hazisubiri dirisha la usajili. Timu ikishinda mechi tatu mfululizo, kijiweni hatuulizi tena nani kafunga, tunaulizana kocha anaondoka lini. Na tuna sababu. Miloud Hamdi alitambulishwa Singida Black Stars mwishoni mwa Desemba 2024. Februari 2025, wiki chache tu baadaye, alikuwa kocha wa Yanga.

Mimi ni mzaliwa wa Sekenke, Iramba, pale barabara ya kwenda Nzega inaposhuka mlima kuelekea mbuga ya Wembere. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kila nikisikia tetesi hizi nakumbuka dhahabu yetu.

Dhahabu ya Sekenke iligunduliwa wakati wa Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipowakatia njia ya kuletewa fedha kutoka kwao, waliipeleka dhahabu hiyo Tabora. Huko, mwaka 1916, mafundi wa karakana ya reli waliigeuza kuwa sarafu za rupia 15, tai upande mmoja, tembo upande mwingine. Leo wakusanyaji wa sarafu wanazitafuta dunia nzima. Zina herufi T, ya Tabora. Sekenke haikuandikwa popote.

Ndiyo maana huku kwetu mtu akisema kocha mzuri hakai, hakuna anayebisha. Tumezoea kwamba kitu chenye thamani hupigwa mhuri kwingine.

Mfano unaotajwa sana ni Hans van der Pluijm. Mholanzi huyu alikuwa ameipa Yanga ubingwa wa 2014/15 na 2015/16 kabla ya kuja Singida United mwaka 2017, timu ikiwa imetoka kupanda Ligi Kuu. Juni 2018 Singida United ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho jijini Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar 3-2. Mwaka huohuo Pluijm akahamia Azam. Miaka miwili baadaye Singida United ikashuka daraja, na wengi wakapata hadithi yao: kocha kaondoka, timu imekufa.

Hadithi hiyo ina tundu. Dhahabu iliyokwenda Tabora haikurudi, lakini Pluijm alirudi. Mwaka 2022 alikuwa Singida tena, akiifundisha Singida Big Stars, na msimu wa 2022/23 timu ikamaliza ya nne. Aliporudi, ni klabu aliyoiacha ambayo hakuikuta kwenye Ligi Kuu.

Tukiacha makocha tukatazama klabu, picha inabadilika. Singida Big Stars ilikuwa DTB kabla ya kubadilishwa jina. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka uliofuata neno Singida likaondolewa, na timu ikahamia Babati, Manyara. Nafasi yake ikachukuliwa na Ihefu, timu ya Mbarali, Mbeya, ambayo tuliipokea kwa shangwe na kuiita Singida Black Stars. Sijawahi kusikia kijiweni kwetu mtu akiuliza watu wa Mbarali walilala vipi usiku ule. Safari hii Tabora tulikuwa sisi.

Kocha ana mkataba, ana familia, na ana haki ya kupanda ngazi. Mimi mwenyewe nikienda nyumbani likizo naulizwa kama nitarudi nikimaliza chuo, na wanaouliza ndio walionichangia nauli ya kuondoka. Kwa hiyo siwezi kumlaumu mtu kwa kuitwa mahali pakubwa zaidi. Kinachonisumbua ni kwamba tumejifunza kulinda mtu mmoja kwenye benchi, huku timu yenyewe ikiweza kuhama au kubadilishwa jina msimu ukiisha, nasi tukageuza jezi tu.

Tetesi nyingine zitakuja, maana timu inayoshinda haizikosi. Zikija, ningependa tuulize pia mambo ambayo hayapewi nafasi kwenye magazeti: kocha akiondoka, wasaidizi wake wazawa wamejifunza nini? Timu ya vijana ipo, na inafanya mazoezi wapi? Na mtoto wa Sekenke anayecheza chandimu jioni, akikua, atakuta timu gani yenye jina la kwao?