Mzinga wa kwanza wa nyuki Bagamoyo: kiwanja kwanza, mzinga baadaye

UFUGAJI wa nyuki katika ukanda wa pwani ya Bagamoyo hauanzi kwa kununua nyuki. Katika nchi za baridi, mwenye kutaka mzinga wake wa kwanza huagiza boksi la nyuki pamoja na malkia wao, akalipia na kuletewa nyumbani. Huku, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Kaole na bonde la mto Wami, nyuki wapo tayari. Huweka makazi katika matundu ya miembe, ndani ya dari za nyumba na penye uwazi wowote uliosahauliwa. Anayewaandalia nyumba nzuri huwapata bila gharama.

Kwa hiyo swali gumu kwa mkazi wa mjini anayetamani mzinga nyuma ya nyumba si jinsi ya kupata nyuki, bali kama kiwanja chake kinafaa kuwa nao.

Nyuki wa pwani ya Afrika Mashariki ni wa jamii ndogo iitwayo kitaalamu Apis mellifera litorea, iliyoelezwa mwaka 1961 na mtaalamu F.G. Smith. Ni mdogo na ana rangi ya njano zaidi akilinganishwa na nyuki mweusi wa milimani. Kama walivyo ndugu zake wa bara, hulinda mzinga wake kwa ukali ambao vitabu vingi vya ufugaji, vilivyoandikwa kwa kumfikiria nyuki mpole wa Ulaya, havimwandai msomaji kuukabili.

Ukali huo unajulikana dunia nzima. Mwaka 1956 malkia wa nyuki wa Afrika walipelekwa Brazil kwa ajili ya utafiti. Mwaka uliofuata baadhi ya makundi yalitoroka, na kufikia mwaka 1990 uzao wao ulikuwa umevuka Amerika ya Kati na kuingia Texas, nchini Marekani. Walioitwa huko kwa majina ya kutisha ni nyuki ambao mrina asali wa Tabora au Handeni amewazoea tangu utoto.

Nyuki mmoja anapouma huacha mwiba, na pamoja nao harufu inayowaita wenzake. Harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu. Ndani ya dakika chache wachache huwa mamia. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kukimbia. Mbuzi aliyefungwa kamba, kuku walio bandani na mtoto mdogo hawawezi. Hapo ndipo ufugaji wa uani unapogeuka kuwa suala la jirani.

Viwanja vingi vinavyouzwa Mapinga, Kerege, Kiromo na Zinga si vikubwa. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 hakina umbali wa kutosha, hata mzinga uwekwe kona gani. Ni busara kuhesabu walau mita 200 kati ya manzuki na nyumba, njia ya watu, shule au zizi, huku uzio wa miti au vichaka virefu ukiwalazimisha nyuki kuruka juu ya vichwa vya wapita njia. Jambo linalosahauliwa zaidi ni kwamba maeneo haya hujengwa upesi. Mzinga uliotundikwa porini leo unaweza kujikuta baada ya miaka mitatu ukitazamana na dirisha la chumba cha watoto.

Kwa mwenye kiwanja kidogo zipo njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kufuga nyuki wadogo wasiouma, ambao hujenga katika magogo yenye uwazi na hata katika nyufa za kuta za nyumba za udongo. Hawana mwiba unaofanya kazi, hivyo wanaweza kukaa barazani pamoja na watoto. Asali yao huhifadhiwa katika vijungu vidogo vya nta badala ya masega, ni nyepesi na yenye uchachu, na ni kidogo sana. Kwa kuwa ina maji mengi huchacha mapema, hivyo huwekwa kwenye jokofu. Gogo lenye kundi hukatwa kwa uangalifu, na kundi lote huhamishiwa katika kisanduku cha mbao. Hii ndiyo njia inayomfaa mkazi wa Tegeta au Bunju, ingawa wengi huipuuza kwa sababu haijazi ndoo.

Njia ya pili ni kuwatega nyuki wanaouma mahali pamoja na kuwafugia pengine: shamba la mikorosho, pori la familia au kando ya mikoko. Misitu ya mikoko ni hifadhi ya Serikali, kwa hiyo anayetaka kutundika mzinga humo hana budi kupata kwanza ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Shughuli yenyewe inasimamiwa na Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya mwaka 2002, na mtu wa kwanza kumwona ni afisa nyuki wa halmashauri.

Mtego ni kisanduku kidogo cha mbao chenye viunzi vitano au sita, yaani vipande vya mbao vinavyolala juu na ambavyo nyuki hujengea masega kwa kuyaning'iniza. Upana wa kiunzi ni jambo la kushikilia sana: milimita 32 kwa nyuki wa Afrika. Fundi seremala akifuata kipimo cha nyuki wa Ulaya, ambacho ni milimita 35, masega yatapinda na kushikamana, na siku ya kurina yatakatika yote kwa pamoja.

Kisanduku hupakwa nta safi iliyoyeyushwa, hasa chini ya viunzi na mlangoni. Nta ndiyo mwaliko. Hutundikwa mita mbili au tatu juu ya ardhi, kivulini, kabla ya msimu wa maua. Katika pwani hii ni vema visanduku viwe juu kabla masika hayajaisha, kwa sababu baada ya mvua hizo miembe na mikorosho huanza kuchanua, na makundi hugawanyika kutafuta makazi. Minazi huchanua mwaka mzima na huwasaidia nyuki wakati maua mengine yamekwisha. Mchu, mmoja wa miti ya mikoko, nao hutoa mbochi mzuri.

Kundi likishaingia liachwe kwa wiki tatu hivi, muda wa kutosha kwa mayai ya kwanza kuwa nyuki kamili. Kundi lenye watoto haliondoki kirahisi. Lililoingia jana huhama kwa kusumbuliwa kidogo tu. Kuhama ndiko kunakowakatisha tamaa wanaoanza. Nyuki wa Afrika hawavumilii joto kali, ukosefu wa maji, sisimizi wala mkono wa mtu anayefungua mzinga kila Jumapili ili kutazama maendeleo.

Kuhamisha hufanyika usiku, baada ya nyuki wote kurudi na mlango kuzibwa kwa wavu unaopitisha hewa. Shamba liwe zaidi ya kilomita tatu kutoka pale pa kutegea. Likiwa karibu zaidi, nyuki wakusanyaji watafuata njia waliyoizoea na kurudi kwenye mti wa zamani, ambako hawatakuta mzinga.

Mzinga mkubwa wa kuhamishiwa huwa na viunzi kati ya 25 na 30. Mizinga ya magogo na ya magome bado inatumika bara na hutoa asali nzuri, lakini ule wa viunzi una faida moja kubwa: huruhusu kutoa sega moja la asali bila kugusa masega ya watoto.

Joto la pwani linataka kivuli cha mchana kutwa. Nyuki hujitahidi kuweka sehemu ya watoto katika nyuzi joto 33 hadi 36. Nje kukizidi hapo huacha kukusanya mbochi na kwenda kuteka maji, wakayatandaza ndani na kupepea kwa mbawa. Masega mapya nayo hulainika kwa joto na huweza kudondoka. Paa la makuti juu ya mzinga linafaa kuliko bati tupu. Karai la maji lenye vijiti vya kutulia liwe jirani, na lisikauke. Likikauka, nyuki watahamia kwenye bomba la jirani.

Kisha wapo majimoto. Utafiti uliofanyika Zanzibar miaka ya 1950 ulionyesha jinsi wadudu hawa wekundu wanavyoilinda minazi dhidi ya wadudu waharibifu, na wakulima wa korosho nao hunufaika nao. Kwa mfugaji wa nyuki ni balaa. Mwembe wenye viota vya majimoto usitundikwe mzinga, hata kivuli chake kiwe kizuri namna gani. Mzinga uninginizwe kwa waya uliopakwa grisi, au usimame juu ya nguzo ambazo miguu yake imo ndani ya makopo yenye oili chafu, na matawi yanayougusa yakatwe. Waya huo husaidia pia dhidi ya nyegere, mradi mzinga uwe juu ya kimo chake.

Mwenye mzinga karibu na mikorosho azungumze na mwenye shamba kuhusu siku za kupuliza dawa. Viuatilifu vya kuua wadudu wa mikorosho huua nyuki pia. Makubaliano ya kupuliza jioni, nyuki wakiwa wamerudi, hayana gharama yoyote.

Ukaguzi na urinaji hufanyika jioni jua linapozama, kwa mavazi meupe au ya rangi hafifu, wavu wa uso, glovu na mabuti. Makumbi makavu ya nazi hufukiza vizuri katika bomba la moshi: moshi wake ni mzito, wa baridi na wa kudumu. Wawili ni bora kuliko mmoja. Aliyeumwa akwangue mwiba mara moja na kuondoka, aingie ndani ya nyumba au gari, asijitumbukize kisimani. Anayevimba uso au kupumua kwa shida apelekwe hospitali bila kusubiri.

Msimu wa kwanza wengi hupata asali kidogo au hawapati kabisa, na ni afadhali iwe hivyo. Kundi lililojijenga vizuri, mahali penye maua ya kutosha, laweza kutoa kilo 10 hadi 20 kwa msimu. Sega la kurina ni lile ambalo robo tatu ya vijumba vyake vimefunikwa kwa nta. Hewa ya pwani ina unyevunyevu mwingi, na asali huufyonza. Kiwango cha kimataifa kwa asali nyingi hakiruhusu maji zaidi ya asilimia 20. Hivyo ndoo ziwe kavu kabisa na zifunikwe siku ileile. Masega mawili au matatu ya asali yaachwe kwa ajili ya nyuki wenyewe. Nta iliyobaki baada ya kuchuja huyeyushwa katika maji ya moto, huachwa igande, na kipande chake hutosha kupaka visanduku vya mwaka unaofuata.