Kadi ya Wi-Fi iliyowagombanisha waandishi wa programu huria

Mtumiaji wa Linux ambaye hajaacha kuandika amri ya iwconfig huenda akakuta onyo kwenye kompyuta yake: mfumo ambao amri hiyo inautegemea hautafanya kazi kwenye vifaa vya Wi-Fi 7. Mfumo huo uliasisiwa katikati ya miaka ya 1990 na Jean Tourrilhes wa maabara za HP, ili kadi za kampuni mbalimbali zipokee amri zilezile. Baadaye Jouni Malinen wa Finland akaandika wpa_supplicant, inayoshughulikia nenosiri na usimbaji. Mwaka 2004 Red Hat ikaleta NetworkManager, na watu wakaanza kuchagua mtandao kwa kubofya tu.

Hayo yanajulikana. Lakini kubofya hakukuwa na maana pale kadi yenyewe ilipokuwa bubu, na kadi bubu kuliko zote zilikuwa za Broadcom. Kampuni hiyo iligoma kutoa maelezo ya vifaa vyake. Wapo waliokimbilia ndiswrapper, iliyopakia draiva (programu zinazoendesha kadi) za Windows ndani ya Linux.

Kikundi kidogo cha wajitolea kilichagua njia ndefu. Baadhi yao walifumua draiva ya Broadcom na kuandika maelezo ya jinsi kadi inavyofanya kazi. Wengine, bila kuitazama draiva hiyo, wakasoma maelezo na kuandika yao upya. Utengano huo uliwalinda kisheria. Draiva yao, bcm43xx, iliingia kwenye kerneli mwaka 2006.

Aprili 2007 moto ukawaka. Michael Buesch, mmoja wa waandishi hao, aligundua kwamba draiva ya kadi hizohizo iliyokuwa ikitengenezwa na Marcus Glocker wa OpenBSD, mfumo mwingine huria wa uendeshaji, ilikuwa na sehemu za msimbo wao. Leseni yao ya GPL haikuruhusu msimbo huo kugeuzwa kuwa wa leseni ya BSD, inayotumiwa na OpenBSD. Buesch aliandika barua ya kulalamika, akawapa nakala watu wengi. Theo de Raadt, kiongozi wa OpenBSD, alikuja juu: kwa nini mwenzao aaibishwe hadharani wakati angeweza kuambiwa faraghani? Glocker aliifuta draiva yake yote.

Barua zile bado zinasomeka. Kwa sheria, Buesch alikuwa na haki. Kwa adabu, de Raadt alikuwa na hoja. Kinachokera ni kwamba Broadcom, chanzo cha taabu yote, ilikaa kando huku watu waliofanya kazi bila malipo wakirushiana maneno kwa sababu ya kadi zake. Ilifungua msimbo wa draiva ya baadhi ya kadi zake Septemba 2010.

Hata hivyo faimuwea, programu ambayo kompyuta huipakia ndani ya kadi, ilibaki imefungwa. Wengi walioletewa diski za bure za Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwa posta, Afrika Mashariki ikiwemo, walikumbana na kichekesho hiki: Wi-Fi haiwaki mpaka faimuwea ipakuliwe, na ya kuipakulia ndiyo hiyo Wi-Fi. Debian, toleo jingine la Linux, ilipiga kura mwaka 2022 kuruhusu faimuwea za namna hiyo kwenye diski yake rasmi ya usakinishaji, na toleo la kwanza kuzibeba likatoka Juni 2023. Msimbo wa faimuwea za Broadcom bado haujafunguliwa.