Kutengeneza amplifaya ya zamani ya redio: usalama kwanza, kisha kutafuta kosa

Wengi wetu tunaifahamu foni, redio ya mawimbi mafupi inayounganisha vituo vya mbali pasipo simu. Amplifaya huwekwa kati ya redio na antena ili kuongeza nguvu ya mawimbi. Hapa tunachukua mfano wa SB-200 ya Heathkit, iliyoanza kuuzwa Marekani miaka ya 1960. Mnunuzi alipokea vipande na kuviunganisha mwenyewe nyumbani. Inatumia taa mbili za kioo ziitwazo valvu, aina ya 572B. Watu wa redio ya ridhaa bado wanazitunza. Mara nyingi ikikwama, kosa ni la kifaa kidogo cha bei nafuu. Lakini anayeifungua kwa haraka anaweza kupoteza maisha.

Kuzima hakutoshi

Ndani ya kasha mna umeme wa volti 2400 hivi. Huhifadhiwa katika kapasita sita zilizofuatana, na kila moja ina rezista yake ya kuumwaga umeme huo chombo kikizimwa. Rezista zote zikiwa nzima, umeme huisha kwa nusu dakika hivi. Moja ikikatika, kapasita yake hubaki imejaa, wala macho hayawezi kuona hatari hiyo.

Kwa hiyo tunafuata utaratibu huu:

1. Chomoa plagi ukutani, kisha ngoja dakika kadhaa.
2. Tumia mkono mmoja tu. Mwingine uweke mgongoni.
3. Maliza umeme uliobaki kwa fimbo isiyopitisha umeme, yenye rezista na waya uliofungwa kwenye kasha.
4. Pima kila kapasita mpaka mita ikaribie sifuri.
5. Usifanye kazi hii peke yako.

Mita za kawaida za fundi hazikuundwa kwa volti 2400. Chombo kikiwa kimewashwa, soma umeme huo kwa mita yake yenyewe, kasha likiwa limefungwa.

Haiwaki, au inakata umeme

Ikiwa haiwaki kabisa, angalia plagi, waya, swichi na kikatizi cha umeme. Angalia pia transfoma: inaweza kuunganishwa kwa volti 120 au 240. Kwetu umeme ni volti 220; chombo kilichofika kutoka Marekani kikiwa bado kwenye 120 kitaungua.

Ikiwa inakata umeme mara tu inapowashwa, shuku dayodi au kapasita. Toa valvu, kisha pitisha umeme wa ukutani katika balbu ya zamani ya wati 100. Balbu ikibaki inawaka kwa nguvu zote, kuna shoti ndani. Kapasita zilizovimba au kuvuja zibadilishwe zote sita pamoja na rezista zake, kwa kuangalia vizuri alama za chanya na hasi. Ukibadili moja tu, zile kuukuu hazitagawana mzigo sawasawa.

Inawaka, lakini nguvu haitoki

Usilaumu valvu kwanza, maana ndizo ghali. Anza na rilei inayobadilisha antena: midomo yake hushika uchafu. Isafishe kwa kipande cha karatasi ngumu kilicholowa spiriti, pasipo kutumia tupa wala msasa. Kisha tazama kama valvu zote mbili zinawaka ndani. Moja isipowaka, zima, fuata tena hatua zote za usalama, safisha miguu yake na soketi, halafu badilishana nafasi zake. Kosa likihama pamoja na valvu, valvu imekufa. Likibaki pale pale, tatizo liko kwenye soketi au waya wake.

Ukiiunganisha na redio ya kisasa

Waya unaoiamuru SB-200 kurusha una volti hasi 120 hivi. Redio nyingi za leo hazivumilii kiasi hicho, nazo huharibika mara moja. Weka rilei ndogo kati ya vyombo viwili.

Jaribio la mwisho

Funga kasha, unganisha mzigo wa majaribio wa omu 50 badala ya antena, na anza kwa nguvu ndogo. Andika kila kipimo kwenye daftari. Fundi atakayekifungua chombo baada yako atajua aanzie wapi. Na ukichoka, acha mpaka kesho, kwa maana mikono iliyochoka husahau kapasita.