NDEVU KWENYE USO WA BINTI: NKAMBO WALISEMA NINI?

Kuna maneno ambayo watu wetu wanasema kwa kicheko tu, lakini kwa yule anayeambiwa yanakuwa mzigo. Mwaka mmoja, mu darasa langu hapa Kolwezi, kulikuwa msichana wa miaka 16 aliyeanza kuja na kitambaa kimefungwa mpaka kwenye kidevu. Wenzake walikuwa wanamuita "Papa". Siku alipokatala kwenda kwenye ubao, nilimuita pembeni. Akaniambia: "Madame, banasema mwanamuke wa ndevu ni muchawi. Eti hata bankambo balikuwa banamukatala." Alikuwa amejinyoa kwa wembe ya kaka yake, akajikata, kidevu kikavimba. Nilipomtazama nilijiona mimi mwenyewe, ku miaka ya 1990, mlango umefungwa, kipande cha kioo mkononi, nang'oa ndevu tatu moja moja.

Lile neno "bankambo balikatala" ndilo linanisukuma kuandika. Je, ni kweli? Tusijibu kwa kelele. Tutazame kwanza kazi ambazo nkambo wenyewe walituachia.

Kwa Watshokwe wa upande wa Dilolo, Sandoa na Kapanga, mask mbili zinajulikana kuliko nyingine. Ya kwanza ni Tshihongo. Huyu ni mwanaume, na kidevu chake kina ndevu pana zinazotokea mbele kama sahani. Anaonyesha uwezo na utajiri. Zamani alichezwa na chifu mwenyewe ao watoto wake, wakizunguka katika vijiji na kupokea zawadi za heshima. Vilevile sanamu za Tshibinda Ilunga, yule mwindaji mkubwa, zilizochongwa mu karne ya 19, zinamuonyesha na ndevu. Kwa zingine mchongaji alitia nywele za kweli.

Mask ya pili ni Pwo, nkambo mwanamke, ambaye leo wengi wanamuita Mwana Pwo, yaani msichana. Kidevu chake ni laini. Ana chanjo kwenye paji la uso, zingine chini ya macho kama machozi, meno yamechongwa, nywele zimesukwa vizuri. Mchongaji alitafuta mwanamke anayesifiwa kwa uzuri, akamtazama vizuri kabla ya kuchonga. Pete ya shaba ilitolewa kama mahari ya ile mask. Shaba yetu hii! Na anayecheza Pwo ni nani? Ni mwanaume. Yeye na ndevu zake anajificha nyuma ya uso laini wa mwanamke.

Tunajifunza nini hapo? Tusidanganyane: nkambo hawakuchonga mwanamke mwenye ndevu wakasema huyu ndiye mzuri. Walipenda uso wa mwanamke uwe laini. Lakini kupenda ni kitu kimoja, kuhukumu ni kitu kingine. Pwo hasemi kwamba msichana mwenye ndevu ni mchawi. Kwa wachongaji, ndevu zilikuwa lugha ya mamlaka, alama inayowekwa kwa mkubwa ili watu wamtambue. Hata Misri ya zamani, mu karne ya 15 mbele ya Kristo, malkia Hatshepsut alipotawala kama farao, sanamu zake nyingi zilivikwa ndevu za bandia, juu ndevu zile zilikuwa za kiti, hazikuwa za mwili.

Na kwetu, mwanamke mwenye mamlaka alitambuliwa namna gani? Historia ya Walunda inasema kwamba Ruwej, ao Lueji, alipokea lukano kutoka kwa baba yake, kisha akampa Tshibinda Ilunga. Lukano ni bangili. Mamlaka yake yalikuwa kwenye mkono. Na ku Musumba, karibu na Mwant Yav, kulibaki cheo cha Lukonkeshia, mwanamke mkubwa katika utawala. Hakuna aliyemuuliza juu ya kidevu chake.

Kisha yakaja mabadiliko. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ikataka mfanyakazi akae ku camp pamoja na bibi yake. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937. Ku foyer social wamama walifundishwa kushona, kupiga pasi na kutunza nyumba. Chanjo zikaachwa polepole, mamisionere hawakuzipenda. Kwa mawazo yangu, hapo ndipo kitu kimoja kilipotea: zamani uso wa binti ulikuwa kazi ya wamama wakubwa, waliomshika, wakamchanja, wakamsuka, wakamuambia wewe ni wetu. Sitamani chanjo zirudi, zilikuwa na maumivu yake. Lakini leo binti yuko peke yake na kioo na wembe.

Na upweke huu unaleta hatari. Wembe ya kuazimana inaweza kupitisha ukimwi na hépatite B. Zaidi ya hiyo, kuna yale mafuta ya kung'arisha ngozi, ma-produits. Mengi yana corticoïdes, kama vile clobétasol. Msichana anapaka ili awe mweupe. Ngozi inakuwa nyembamba, chunusi zinatoka, na nywele zinaweza kuongezeka pale pale alipopaka. Anakimbia moshi, anaingia mu moto.

Tuseme pia yale ambayo waganga wa lopitalo wanajua. Kati ya wanawake 100, 5 mpaka 10 wanaota ndevu ao nywele nyingi mahali ambapo kwa kawaida ni za wanaume. Mara nyingi ni juu ya ovari na homoni. Kwa wengine ni urithi wa jamaa tu. Kunyoa hakufanyi ndevu zirudi nene zaidi. Lakini kama binti anakosa siku zake miezi kadhaa, ao kama ndevu zinatoka kwa ghafla na sauti inabadilika, apelekwe kwa munganga, asipelekwe kwa mwombezi wa kufukuza pepo.

Yule mwanafunzi wangu alienda na mama yake. Aliporudi, kidonda kilikuwa kimekauka. Sijui kama aliendelea kunyoa, hiyo ni shauri yake. Kitambaa alikitoa yeye mwenyewe, siku ya interrogation, akapanda kwenye ubao. Mmoja akaanza kusema "Papa..." Nikamuomba yule kijana asimame atuelezee darasa zima: katika mchezo wa Pwo, mwenye ndevu ni nani?

Wazazi na walimu, kabla ya kusema "desturi yetu inakatala", tuulize kwanza desturi yenyewe. Mara nyingi ni sisi tunaokatala, kisha tunasingizia nkambo.