Manowari Zilizovuka Milima: Muundo na Utumishi Mfupi wa Mimi na Toutou katika Ziwa Tanganyika, 1915–1916

Neno manowari, ambalo Waswahili walilitohoa kutoka Kiingereza, halibagui ukubwa. Kwa neno hilo hilo tunaitaja Graf von Goetzen, meli ya chuma ya Wajerumani yenye urefu wa takriban mita 70, na pia Mimi na Toutou, mashua mbili za Waingereza zenye urefu wa mita 12 tu. Makala haya yanazihusu hizo ndogo. Hoja yake ni kwamba udogo wao ndio uliozifikisha ziwani, ukazipa ushindi, kisha ukazikomesha; na kwamba sehemu ngumu zaidi ya utumishi wao ilikuwa nchi kavu.

Kwa sisi tunaokutana hapa Kinyinya, vita hivyo si vya mbali. Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa koloni moja la Wajerumani, na Kigali ilitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji Mei 1916. Kusini mwa Rwanda, aliyelimiliki Ziwa Tanganyika aliweza kuvusha askari na kushambulia pwani ya Kongo apendavyo. Wajerumani walikuwa na Kingani na Hedwig von Wissmann; mwaka 1915 wakaongeza Goetzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande na kuletwa Kigoma kwa reli.

Waingereza hawakuwa na chombo chochote huko. Mwindaji John Lee aliwapelekea wakuu wa jeshi la majini mjini London wazo la kusafirisha mashua za petroli kupitia Kongo. Zilizochaguliwa zilitoka katika karakana ya Thornycroft: upana wa mita 2.4, mbao nyembamba za mkangazi, injini mbili, mzinga mdogo kwenye omo na bombomu aina ya Maxim kwenye tezi. Mbao zilikuwa hafifu kiasi kwamba mzinga haukuweza kupigwa kwa usalama ila ukielekezwa mbele moja kwa moja. Chombo cha namna hiyo humlenga adui kwa kumwelekea chenyewe.

Msafara wa Geoffrey Spicer-Simson uliondoka Uingereza Juni 1915, ukapitia Cape Town, kisha kwa reli hadi Fungurume, Katanga. Kutoka hapo palihitajika njia kuivuka milima ya Mitumba. Wafanyakazi wa Kiafrika, mamia kwa mamia, walifyeka misitu na kujenga madaraja zaidi ya 100. Matrekta ya mvuke na maksai wakazivuta mashua. Maji ya matrekta yalipoadimika, inasimuliwa kwamba wanawake wa vijijini waliyabeba kwa mitungi. Masimulizi maarufu hudumu zaidi kwenye vituko vya Spicer-Simson, aliyependa kuvaa sketi, kuliko kwenye mitungi hiyo. Naona huo ni upungufu wa kihistoria, si wa kiuungwana tu: bila maji, manowari zingebaki mlimani.

Baada ya reli nyingine na mto Lualaba, mashua ziliteremshwa ziwani karibu na Kalemie ya leo, Desemba 1915. Tarehe 26 Desemba Kingani ilijitokeza. Mzinga wake nao ulipiga mbele tu. Hivyo mashua, zilizoizidi mwendo, ziliiandama kutoka nyuma, mahali pekee ambapo kasoro yao haikuwa kasoro. Ndani ya dakika 11 hivi nahodha wake alikuwa ameuawa na meli imetekwa. Waingereza waliikarabati na kuiita Fifi.

Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa, lakini kwa mzinga mzito zaidi uliofungwa kwenye Fifi. Mimi iliikimbilia na kuichelewesha; Toutou haikushiriki. Tangu ushindi wa kwanza zilikuwa zimepita siku 45, na vita vya mashua hizo vilikuwa vimekwisha. Goetzen ilipoonekana siku iliyofuata, Spicer-Simson alikataa kuikabili. Wengi wamemwita mwoga. Ukizikumbuka zile mbao, lawama hiyo hupungua uzito.

Goetzen haikushindwa na manowari yoyote. Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma tarehe 26 Julai 1916, mafundi wakiwa wamezipaka mitambo yake grisi kwanza. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikibeba abiria na dagaa.