Tope Jeusi la Eyasi

Kwetu Mang'ola, wilayani Karatu, maji ya Ziwa Eyasi yakipungua, upepo huleta harufu ya yai viza hadi kwenye majaruba ya vitunguu. Ukitembea ufukweni, ukoko mweupe wa magadi unavunjika na mguu unazama kwenye tope jeusi tii. Nimekua nikiambiwa lile ni tope bovu. Leo nafuga samaki aina ya mwatiko Tanga, na nasema lile tope lina elimu.

Mzungu Oscar Baumann alifika Ngorongoro na Eyasi mwaka 1892, na Wajerumani wakaliandika ziwa kwenye ramani kwa jina la Njarasa. Miaka 5 kabla yake, Mrusi Sergei Winogradsky, akiwa Strasbourg, alikuwa ameeleza kwamba kuna bakteria wanaopata nguvu kwa kuunguza haidrojeni salfidi, gesi ileile yenye harufu ya yai viza.

Zamu ya maziwa ya Bonde la Ufa kuchunguzwa ilichelewa. Mwaka 2001 mtafiti Dimitry Sorokin na wenzake walitangaza jenasi Thioalkalivibrio, bakteria wala salfa wa maji ya magadi. Baadhi yao walitoka Nakuru na Bogoria, Kenya, maziwa yenye udugu na Eyasi na lile Magadi la ndani ya kreta ya Ngorongoro. Huko Eerbeek, Uholanzi, jamaa zao wamekutwa wakisafisha gesi inayotokana na majitaka ya viwanda vya karatasi.

Sisi wafugaji wa samaki wa baharini tunaijua gesi hiyo kwa hasara. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 2.7 za salfeti. Masalia ya chakula yakioza chini pasipo oksijeni, bakteria wengine huigeuza salfeti kuwa gesi hiyo, na samaki hushindwa kutumia hewa aliyoivuta. Ndiyo maana baada ya kuvuna tunakausha bwawa hadi sakafu ipasuke: hewa inapenya, wala salfa wanafanya kazi, tope jeusi linageuka kijivu. Wanaorudisha maji yaleyale matangini huwajengea wala salfa hao makazi kwenye vichujio.

Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko Arusha, si mbali na Karatu. Naiomba ilete wanafunzi Eyasi wachote tope hilo, wawatambue bakteria wake na kuwajaribu katika maji ya mabwawa yetu. Nanyi wenzangu wa Mang'ola, acheni maji ya kutosha yafike ziwani. Bila ziwa hakuna cha kuchunguza.