Plagi ya pini tatu au ya pini mbili: ipi ya kuaminika?

Ukinunua redio, pasi au chaja, tazama kwanza plagi yake. Tanzania, Kenya na Uganda, soketi ya kawaida ina matundu matatu ya mstatili. Mfumo huu ulianzia Uingereza mwaka 1947. Lakini vifaa vingi madukani na minadani huja na plagi ya pini mbili za duara, inayotumika zaidi Ulaya.

Pini tatu bapa

Plagi hii ina kinga tatu. Pini ndefu ni ya ethi: pasi ikipata hitilafu, umeme hukimbilia ardhini badala ya kupita mwilini mwako, mradi nyumba imefungwa waya wa ethi. Pini hiyo hiyo hufungua vifuniko vidogo ndani ya soketi, vinavyomzuia mtoto asichomeke msumari. Tatu, ndani ya plagi mna fyuzi, inayokata umeme ukizidi.

Pini mbili za duara

Plagi nyembamba ya aina hii haina ethi wala fyuzi. Imekusudiwa vifaa vidogo visivyozidi ampia 2.5, kama chaja na redio. Kwenye soketi yake haina ubaya. Shida ni soketi zetu: wengi wetu huchomeka kalamu tundu la juu ili vifuniko vifunguke, kisha tukaisukuma plagi. Pini za duara hazishiki vizuri humo. Hucheza, hutoa cheche na kupata moto, na soketi nayo hulegea. Na mtoto aliyeona kalamu leo, kesho atajaribu kijiko.

Tufanye nini?

- Kwa chaja na redio, tumia adapta ya pini tatu yenye fyuzi.
- Kwa pasi, birika na jiko, mwite fundi afunge plagi ya pini tatu.
- Fyuzi ya ampia 3 inatosha kifaa kisichozidi wati 700. Pasi na birika hutumia ya 13. Ikiungua, nunua nyingine. Usifunge waya wala karatasi ya sigara.
- Plagi ikiwa ya moto au ikinuka kuungua, zima swichi kuu. Soketi hiyo isitumike mpaka fundi aibadilishe.

Bei ya adapta ni ndogo kuliko ya redio, sembuse nyumba.